Viluilui vya Kibaha na Mibono ya Kisarawe

Magharibi ya Dar es Salaam, katika nchi ya asili ya Wazaramo, zimepakana wilaya mbili za Mkoa wa Pwani, Kibaha na Kisarawe. Aendaye Morogoro kwa barabara kuu hukutana na Kibaha baada ya mwendo wa kilomita 40 hivi. Aendaye Kisarawe hupanda vilima vya Pugu na kuiacha bahari nyuma yake. Ni nchi ya mikorosho, mihogo na minazi. Mvua zake ni mbili, masika na vuli. Na homa ya malaria ni mwenyeji wake tangu zamani. Mwanzoni mwa karne ya 21 kila moja ya wilaya hizi ilifikiwa na maarifa mapya kutoka ng'ambo. Kibaha ililetewa bakteria waangamizao viluilui vya mbu. Kisarawe ililetewa kilimo cha mbono, mti ambao mafuta yake yalitarajiwa kuendesha magari ya Ulaya. Maarifa ya kwanza serikali iliyajengea kiwanda kwa fedha za umma. Ya pili iliyapa ardhi, kisha ikakaa kando. Kuyatazama mambo haya mawili pamoja ni kuuliza kazi ya serikali katika maarifa mapya huanza wapi, na huishia wapi.

Jibu lililozoeleka ni kwamba serikali ifungue njia, kisha wavumbuzi na wafanyabiashara wapite. Historia ya mbu haikubaliani sana na jibu hilo. Agosti 1897, katika mji wa Secunderabad, daktari Ronald Ross aliona ndani ya tumbo la mbu vijidudu vya malaria, na siri iliyowashinda wataalamu kwa muda mrefu ikafichuka. Ross alikuwa mtumishi wa serikali ya India, amelipwa mshahara na serikali, na serikali hiyo hiyo mwezi uliofuata ikamhamishia mahali ambapo malaria ya wanadamu ilikuwa haba, hata kazi yake ikakaribia kukatika. Basi tangu mwanzo serikali ilikuwa mlezi na kizuizi kwa wakati mmoja. Na miaka 16 kabla yake, mwaka 1881, daktari wa Kikuba, Carlos Finlay, alikwisha kusema kwamba homa ya manjano huenezwa na mbu. Alichekwa. Mwaka 1901 tu, jeshi la Marekani lililokuwa likiitawala Havana lilipoamrisha mapipa ya maji yafunikwe na madimbwi yamwagiwe mafuta, ndipo homa hiyo ilipotoweka mjini humo. Fikira ilikuwa ya mtu mmoja, lakini kuifanya kuwa desturi ya mji mzima kulihitaji mamlaka yenye watumishi, fedha na nguvu ya kuingia katika kila ua. Jina la Kuba litarudi tena katika habari hii, na halikuingia kwa bahati tu.

Pwani ya Afrika Mashariki haikuwa mbali na mjadala huo. Robert Koch alikuwapo Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, akipima damu za wagonjwa. Shauri lake lilikuwa kumwinda mdudu ndani ya mwili wa binadamu kwa kwinini. Shauri la Ross lilikuwa kumwinda mbu katika maji. Wajerumani walimfuata Koch: kuanzia 1901 walipima watu wa mjini na kuwapa kwinini, huku madimbwi yakibaki kama yalivyokuwa. Watu walikuwa wakija na kuondoka, damu iliyosafishwa leo ikaambukizwa kesho, na kazi haikufika mwisho wake.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha pia kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, kwa ajili ya mimea na kilimo. Waingereza walipokirithi walikitumia kwa mambo mengi, na baadaye kikawa makao ya utafiti wa malaria wa Afrika Mashariki yote. Kutoka hapo ulisimamiwa mpango wa Pare na Taveta, uliotekelezwa kati ya 1955 na 1959: nyumba zilipigwa dawa ya dieldrini, malaria ikapungua kwa kiasi kilichowashangaza waliokuwa wakipima. Kisha upigaji wa dawa ukakoma, na malaria ikarejea hatua kwa hatua. Mpango ule ulikuwa wa majaribio, na kwa kipimo cha majaribio ulifaulu. Kwa kipimo cha mama wa Taveta aliyeona mtoto wake ana afya kwa miaka minne kisha homa ikabisha hodi tena, hapana shaka jina la kufaulu lingetafutiwa mahali pengine.

Bakteria wa Kibaha walipatikana mbali na hapo. Mwaka 1976, katika jangwa la Negev, watafiti waliona dimbwi lililojaa viluilui vilivyokufa. Katika tope lake wakamtoa bakteria ambaye baadaye aliitwa Bacillus thuringiensis israelensis. Kazi yake ni ya ajabu kwa urahisi wake. Ndani ya kila chembe hujijenga fuwele ya protini. Kiluilui huila pamoja na uchafu mwingine wa maji. Tumboni mwake, kwa sababu ya hali ya maji ya tumbo lake, fuwele huyeyuka na kuutoboa utumbo, naye hufa kabla hajaota mabawa. Samaki haathiriki, nyuki haathiriki, wala mtu anywaye maji hayo. Ndugu yake, aliyekuwa akiitwa Bacillus sphaericus, hustahimili zaidi maji machafu ya mitaro na mashimo ya vyoo, na hukaa majini muda mrefu zaidi. Lakini wote wawili wana udhaifu: bundo, yaani mbu katika hatua ya mwisho kabla ya kuruka, hali chakula, kwa hiyo dawa haimwezi, na jua huidhoofisha dawa haraka. Dimbwi lililotiwa dawa Jumatatu laweza kuhitaji dawa tena Jumatatu ifuatayo, na ile itakayofuata, mradi maji yapo.

Sifa hii ya mwisho ndiyo iliyoamua mambo mengi. Chandarua hugawiwa mara moja kikatumika miaka. Dawa ya viluilui haina siku ya kugawiwa; ina ratiba. Aliyeinunua hajanunua chochote mpaka awe amemlipa pia mtu wa kuzunguka mitaroni na pampu mgongoni, wiki baada ya wiki. Dar es Salaam ililijua hilo mapema. Mpango wa mji wa kudhibiti malaria ulioanza mwaka 2004 uliwatumia wakazi wa mitaa wenyewe kuchora kila dimbwi, na Machi 2006 dawa ya bakteria ilianza kutiwa katika kata 3 kati ya 15 za mpango, kisha ikaenea. Maambukizi yalipungua kwa dhahiri. Jambo lililozaa matunda hapo, pamoja na dawa yenyewe, lilikuwa daftari la madimbwi na mtu aliyepewa eneo lake kulitunza.

Kuba ilikuwa nchi iliyojenga maarifa ya viumbehai chini ya dola yenyewe. Kampuni yake ya umma, Labiofam, ilikuwa ikitengeneza dawa hizi na kuziuza nje. Katika utawala wa Rais Jakaya Kikwete, Tanzania ilikubaliana na Kuba kujenga kiwanda cha namna hiyo, na Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, likapewa kazi. Gharama yake ilitajwa kuwa dola za Marekani milioni 22 na ushei, na uwezo wake lita milioni 6 kwa mwaka. Kiwanda kilifunguliwa mwaka 2015.

Mahali kilipowekwa pana historia yake. Kibaha imezoea wageni waletao elimu: ndiko nchi za Denmaki, Finilandi, Norwei na Swideni zilikojenga katika miaka ya 1960 kituo chenye shule, tiba na mafunzo ya wakulima, ambacho Januari 1970 kilikabidhiwa kwa serikali na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Kituo hicho hakikufa wageni walipoondoka. Sababu yake si ngumu kuiona: walimu waliingia katika orodha ya mishahara ya taifa, na wanafunzi waliletwa kila mwaka na mtihani wa taifa. Lakini eneo la kiwanda cha viluilui ni jingine, nalo lajulikana kwa jina la TAMCO. Hilo ni jina la kiwanda cha umma kilichokuwa kikiunganisha hapo malori ya Scania katika zama za Ujamaa, kikafifia pamoja na ndugu zake wengi wa wakati ule. Mafundi wa Kikuba walitandaza mitungi yao ya kuchachushia bakteria katika uwanja uliokwisha kuzika kiwanda kimoja cha serikali.

Na haikuchukua muda kabla wasiwasi huo haujapata sura. Kiwanda kilitengeneza dawa; wa kuinunua hakuonekana. Mteja wa dawa ya viluilui si mtu wa dukani. Hakuna mwenye nyumba atakayenunua dawa ya kutia katika mtaro wa jirani, kwa maana mbu wa mtaro huo huuma mtaa mzima na faida ya kuua viluilui haina mwenyewe. Mteja ni halmashauri ya wilaya au mji. Halmashauri nazo zilikuwa na bajeti zilizopangwa kwa mambo mengine. Fedha za malaria, ambazo kwa sehemu kubwa zilitoka kwa wafadhili wa nje, zilikuwa zimefungwa katika vyandarua, vipimo na dawa za kutibu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2012 lilikuwa limekwisha kutoa shauri kwamba katika Afrika kusini ya Sahara dawa ya viluilui iwe nyongeza tu, na mahali ambapo mazalio ya mbu ni machache, ya kudumu na rahisi kuyaona. Shauri hilo lina haki yake. Katika vijiji vya Kisarawe wakati wa masika, kila wayo wa ng'ombe ni zalio. Nani atazizungukia nyayo zote hizo? Lakini mitaro ya Kibaha mjini, ya Temeke au ya Tanga ni jambo jingine.

Juni 2017 Rais John Magufuli alikitembelea kiwanda akakuta dawa imekaa ghalani. Aliagiza Wizara ya Afya inunue lita 100,000 zilizokuwapo, na halmashauri zote nchini zizichukue. Amri ilifanya kazi ya amri: ghala lilipata nafasi. Yafaa kuliangalia tukio hili bila dhihaka na bila kushangilia. Serikali moja ilikuwa imejenga kiwanda, na serikali hiyo hiyo, kwa mkono wake wa wilayani, ilikuwa haijaambiwa kwamba ndiyo mteja. Ilihitajika safari ya Rais ili mikono miwili ya mwili mmoja ishikane. Lita 100,000 ni sehemu ndogo sana ya lita milioni 6. Na amri hununua mara moja, ilhali dimbwi hurudia kila wiki. Hata hivyo, hasara yote ya kusubiri huko ilibebwa na mfuko wa umma. Hakuna mkulima wa Kibaha aliyepoteza shamba kwa sababu lita hazikuuzwa.

Kusini yake, Kisarawe, hasara ilibebwa na watu wengine.

Uzaramo ulikwisha kuona zamani zao la serikali. Mwaka 1902 utawala wa Wajerumani uliamrisha mashamba ya pamoja ya pamba katika wilaya ya Dar es Salaam, iliyoyakumba maeneo haya. Kila jumbe alitakiwa kuwa na shamba, watu wakalazimishwa siku zao za kazi humo, na malipo yakawa haba kiasi cha baadhi yao kuyakataa. Pamba ilikuwa ya kuwalisha wenye viwanda wa Ujerumani waliochoka kuitegemea Marekani. Vita vya Maji Maji vilipoanza Umatumbi mnamo Julai 1905, moto wake haukukosa kufika Uzaramo.

Miaka mia moja baadaye zao lilikuwa mbono kaburi. Wazaramo, kama watu wengi wa pwani, waujua mti huu: hupandwa uani kuwa ua, na hupandwa makaburini, ndipo ulipopata jina lake. Mbuzi hauli. Mbegu zake zina mafuta, takriban theluthi moja ya uzito. Bei ya mafuta ya petroli ilipokuwa ikipanda, hata Julai 2008 pipa likapita dola 140, ulimwengu uliugeukia mti huu kwa tamaa. Ilisemwa kwamba huota katika ardhi kavu isiyofaa kwa chakula, bila maji mengi, na hivyo haumnyang'anyi mtu riziki. Walioshika kalamu hawakutofautisha mambo mawili: mbono huishi katika ukame, lakini kuishi si kuzaa. Mti ule ulikuwa bado wa porini. Hapakuwa na mbegu iliyochaguliwa kwa vizazi kama ilivyochaguliwa ya mahindi.

Kampuni ya Kiingereza, Sun Biofuels, ilifika Kisarawe kutafuta ardhi mnamo 2006. Mwaka huo huo serikali iliunda kikosi kazi cha nishati ya mimea, lakini miongozo yake haikutoka mpaka Novemba 2010. Wakati ule mibono ilikwisha kuota. Eneo lililotakiwa lilikuwa hekta 8,211, la vijiji 11, miongoni mwao Mtamba na Muhaga. Mikutano ilifanyika, na ahadi zikatolewa za ajira, visima, zahanati, barabara na shule. Aghalabu ahadi hizo zilisemwa kwa mdomo katika mkutano, zikabaki katika masikio ya waliohudhuria.

Sheria yenyewe yastahili kuelezwa, kwa kuwa humo ndimo mkono wa serikali ulimofanya kazi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mgeni hawezi kumilikishwa ardhi ya kijiji. Lazima kwanza Rais aihamishe iwe ardhi ya jumla. Kisha, wakati ule, ilipewa mwekezaji kwa njia ya Kituo cha Uwekezaji. Mwanakijiji hulipwa fidia ya mimea na shamba lake, na kijiji hukoma kuwa na amri juu ya ardhi ile. Mwekezaji akiondoka, ardhi hairudi kijijini. Hubaki ya jumla, mikononi mwa serikali kuu, mpaka apatikane mwingine au ifanyike kazi ndefu ya kuirudisha. Hivyo kijiji kinachokubali hukubali mara moja tu, na hakina nafasi ya pili ya kusema. Hati ya miaka 99 ilitolewa mwaka 2009.

Mibono ikapandwa katika hekta 2,000 hivi. Mamia ya watu waliajiriwa, na kwa muda mfupi palikuwa na mishahara mahali ambapo mishahara ilikuwa adimu. Hilo lisipotajwa, habari haiwi ya kweli. Lakini bei ya petroli ilikwisha kuanguka tangu mwisho wa 2008, mikopo ya Ulaya ilikauka, na miti haikuwa imezaa vya kutosha kusimama yenyewe. Agosti 2011 kampuni iliwekwa chini ya wafilisi, mali zake zikachukuliwa na wengine, na wengi wa wafanyakazi wakaachishwa kazi. Wanavijiji walilalamika kwamba ahadi hazikutimizwa, na kwamba mahali walipokuwa wakichota maji na kuzika wafu wao pamekuwa ndani ya mipaka ya shamba. Haikuwa Kisarawe peke yake: Kilwa kampuni ya Kiholanzi, Bioshape, ilikuwa imekwisha kuanguka kabla yake.

Husemwa kwamba Kisarawe ilikuwa kazi ya soko huria na Kibaha kazi ya dola. Maneno hayo hayasimami vizuri. Soko la mafuta ya mbono lilitengenezwa na serikali: mwaka 2009 Umoja wa Ulaya uliamua kwamba ifikapo 2020 asilimia 10 ya nishati ya usafiri katika nchi zake itoke katika vyanzo visivyokwisha. Bila matumaini ya soko la namna hiyo, huenda hapana mtu wa London angalizitazama hekta za Mtamba. Mteja wa Kisarawe alikuwa serikali za mbali, kama mteja wa Kibaha alivyokuwa serikali ya karibu. Tofauti ilikuwa nani aliyewekwa mbele ya hatari. Kibaha, dola ilinunua maarifa yaliyokwisha kujaribiwa miaka 30, ikasahau kujipangia fedha za kuyatumia. Kisarawe, maarifa hayakuwa yamejaribiwa, na shamba la majaribio likawa ardhi ya watu walio hai.

Wala haifai kudhani kwamba mtu binafsi hawezi kuleta zao jipya. Mkonge uliingia Tanganyika mwaka 1893 kwa juhudi za Richard Hindorf, mtaalamu wa kampuni ya Kijerumani, aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida na kubakiwa na 62 iliyo hai. Kutoka miche hiyo lilitoka zao lililoilisha nchi miongo mingi. Lakini Hindorf alianza na kitalu. Kama miche yote 62 ingekufa, kampuni yake ndiyo ingekosa, na hasara ingalikuwa ya bustani moja. Mbono ulianza na hekta 8,211.

Huenda kazi iliyokuwa ya serikali Kisarawe ilikuwa ndogo na ya bei nafuu: kitalu cha hekta chache, miaka mitano au sita ya kupima ni kilo ngapi za mbegu hutoka katika mti katika udongo wa Pugu na Mzenga, na kuandika majibu hadharani kabla ya Rais kuhamisha ardhi ya kijiji hata kimoja. Nchi ilikuwa na vituo vya utafiti wa kilimo vya kuifanya. Kimoja, cha utafiti wa miwa, kilikuwa Kibaha kwenyewe, jirani kabisa. Kibaha kazi iliyosahaulika ilikuwa ndogo vilevile: mstari mmoja katika bajeti ya kila halmashauri yenye mitaro, wenye bei ya dawa na ujira wa mbeba pampu, na kurudiwa kila mwaka bila kungoja ziara ya mkubwa. Kazi ya namna hiyo haina uzinduzi wala utepe wa kukatwa, na kwa ajili hiyo aghalabu haina mtetezi serikalini.

Mbono kaburi wenyewe hauna habari na hayo. Ulikuwa umesimama nyuani na makaburini mwa Wazaramo kabla ya kampuni kuja, nao wasimama bado.